Mwenyekiti, sema mwisho

Nimekuwa katibu wa vikundi vya kila namna, na swali ninaloliogopa kuliko yote kikaoni ni hili: "Kuna mwenye pingamizi?" Watu huinamia simu zao, mwenyekiti hutamka "basi tumekubaliana", nami naandika azimio. Pingamizi zenyewe huja kusikika nje, karibu na mlango, na hakuna anayetekeleza kitu.

Kama wewe ndiye unayeongoza, zungumza baada ya wote. Ukishatoa msimamo, wenzako hawapimi tena hoja, wanakupima wewe. John F. Kennedy, rais wa Marekani, baada ya uvamizi wa Ghuba ya Nguruwe huko Kuba, ulioungwa mkono na serikali yake, kushindwa mwaka 1961, alibadili namna ya kushauriwa. Ulipozuka mgogoro wa makombora ya Kisovieti nchini Kuba mwaka 1962, baadhi ya vikao vya washauri wake vilifanyika yeye akiwa hayupo, ili wabishane kwa uhuru. Na huyo alikuwa rais. Mwenyekiti wa kamati ya watu saba anashindwa nini?

Mimi hugawa vipande vya karatasi kabla ya mjadala. Kila mtu anaandika maoni yake kimyakimya, kisha tunazunguka meza, mwanachama mgeni kuliko wote akisoma kwanza. Swali nalo nalibadilisha: "Mpango huu ukishindwa, utakuwa umeshindwa kwa sababu gani?" Hapo hata mpole hupata la kusema, maana ameombwa kasoro, hajazianzisha yeye. Mwanasaikolojia Solomon Asch alionyesha katika miaka ya 1950 kwamba watu wengi hufuata jibu la kundi hata likiwa na kosa la wazi, lakini akitokea mmoja tu wa kulisema lililo sahihi, shinikizo hilo hupungua sana. Mtafute huyo mmoja, na akisema msimkate kauli.

Kuhusu kura sina mengi. Amueni mapema kama wingi wa kura utamaliza jambo au mwenyekiti atasikiliza kisha ataamua mwenyewe. Kinachouma ni kuombwa maoni juu ya jambo lililokwisha amuliwa.

Azimio liwe na kazi, jina la mhusika na tarehe. "Tutalifuatilia" silihesabu kama azimio. Nayasoma maazimio kwa sauti kabla watu hawajainuka, kwa kuwa daima kuna atakayesema "mimi sikukubali hivyo", na ni heri aseme akiwa bado kitini.