Barua kwa mwanangu: Zawadi ya mwalimu

Mwanangu,

Marahaba. Ujumbe wako nimeupata. Unasema wazazi wa darasa la kwanza wanachangishana kumnunulia mwalimu zawadi shule itakapofunga Desemba, nawe unauliza: "Mama, kwani halipwi mshahara? Na saa tisa na nusu keshafika kituo cha daladala, mimi benki natoka saa kumi na mbili." Nilicheka peke yangu, nikaona hili halijibiki kwa mistari miwili ya simu.

Analipwa, ndiyo. Hata mimi nilipokuwa mwalimu nililipwa mpaka nikastaafu. Ila hiyo saa tisa na nusu yako ina maelezo.

Chukua daftari la mjukuu wangu ulifungue. Mwanzo wa mstari utakuta "ba be bi bo bu" kwa wino mwekundu, mwandiko wa mtu mzima, naye kafuatisha kwa penseli. Wino huo haukujiandika. Mwalimu kaupitisha daftari moja moja, pengine wenzake wakinywa chai. Kisha anayakusanya tena asahihishe, na mtoto aliyegeuza b ikawa d haimsaidii kitu kuwekewa kosa tu. Lazima aandikiwe upya pembeni aone tofauti. Weka dakika mbili kwa kila daftari. Kiwango cha serikali kwa shule ya msingi ni mwalimu mmoja kwa wanafunzi 45, lakini kwenye shule za mjini kukuta 90 si ajabu, hasa tangu mwaka 2016 michango ya lazima ilipofutwa na watoto wakamiminika. Tisini kwa dakika mbili ni saa tatu, na hilo ni somo moja. Wewe mtu wa benki, yaliyobaki piga hesabu mwenyewe.

Akifika nyumbani kuna maandalio ya masomo ya kesho. Mthibiti ubora, yaani mkaguzi wa shule, akiingia shuleni, hayo ndiyo ya kwanza kuulizia. Wiki ya zamu anatakiwa awe shuleni kabla ya watoto, asimamie usafi na mstarini, aandike waliochelewa na waliougua. Dawa za minyoo zikiletwa, anayewanywesha ni yeye. UMITASHUMTA, michezo ya shule za msingi, ikifika, ni yeye na filimbi juani. Sensa ya Agosti 2022 unaikumbuka. Miongoni mwa makarani waliopita nyumba kwa nyumba walikuwamo walimu. Uchaguzi nao, hivyo hivyo.

Lakini hayo yote mtu huyazoea. Kilichokuwa kinanichosha mimi ni kuangalia. Unafundisha kujumlisha huku jicho lako moja liko kwa yule anayesinzia: kaamka bila kula, au ana homa? Yule binti aliyekuwa wa kwanza kunyoosha kidole, mbona wiki hii kanyamaza? Huyu sikio linatoka usaha, mama yake aitwe. Kazi hiyo haina safu kwenye andalio lolote, na hufungi nayo ofisi ukaiacha humo. Ndiyo maana ulikuwa unanisemesha nikiwa jikoni nisikusikie.

Sasa zawadi. Changa, ila kwa utaratibu. Iwe ya darasa zima, itolewe matokeo yakishatoka, na asipelekewe orodha ya nani katoa ngapi. Mzazi anayemfuata mwalimu peke yake na bahasha wiki ya mitihani hamshukuru, anamweka pabaya. Kitenge kizuri kinatosha kabisa. (Vikombe msinunue. Kila mwalimu ana kabati la vikombe.)

Na yapo yasiyochangiwa. Mtoto aende na penseli mbili zilizochongwa, maana asipokuwa nazo mwalimu ndiye anayechonga kwa wembe huku darasa linamsubiri. Kikao cha wazazi uhudhurie wewe, usimtume dada wa kazi. Na usimpigie saa tatu usiku kuulizia sweta lililopotea.

Kuna kimoja ningependa ukifanye hata usipochanga shilingi. Mwandikie mwalimu mkuu barua, utaje jina kamili la huyo mwalimu na darasa lake, ueleze ulichokiona kwa macho yako: mtoto aliyeanza Januari hajui kushika penseli, leo anakusomea majina ya vituo kwenye vioo vya daladala. Omba nakala iwekwe kwenye jalada lake la kazi. Majalada ya walimu nayajua. Yamejaa barua za "jieleze kwa nini usichukuliwe hatua", za uhamisho, za madai ya kupandishwa daraja. Ya mzazi kushukuru ni adimu mno.

Ukimaliza kuiandika nitumie niipitie kabla hujaipeleka. Wewe huwa unasahau kuweka tarehe.

Mama yako