Dawa ya Kumlenga Bakteria Mmoja wa Meno

SWALI: Daktari, shikamoo. Mimi ni mama wa watoto watatu, ninaishi Mikindani. Kitindamimba wangu ana miaka mitano. Magego yake mawili yametoboka na usiku huamka akilia. Jirani alinishauri nifungue dawa ya rangi mbili na kunyunyiza unga wake ndani ya tundu, nami nimefanya hivyo mara mbili. Sasa nimesikia kuna dawa mpya inayoua wale bakteria wanaoozesha meno peke yao. Je, hapa Mtwara naweza kuipata?

JIBU: Marahaba, mama. Unga wa rangi mbili uache leo hii. Ukinyunyizwa tundu­ni hautibu jino, bali humezwa pamoja na mate. Na ikiwa ni tetrasaiklini, unaweza kuyatia madoa ya kudumu meno ya utu uzima, ambayo kwa umri wa mwanao bado yanajengeka ndani ya taya.

Hiyo dawa uliyoisikia si uvumi. Bakteria anayewindwa anaitwa Streptococcus mutans, aliyeelezwa kwa mara ya kwanza mwaka 1924 na Clarke, mtafiti wa Uingereza. Akiipata sukari tunayotia kwenye chai, sehemu moja huigeuza kuwa gundi ya kumshikiza kwenye jino, na nyingine huifanya asidi ambayo polepole huyeyusha madini ya gamba la jino. Dawa za kusukutua zenye nguvu, kama klorheksidini, humuua, lakini huua pia mamia ya jamaa wengine wa kinywani wasio na madhara, sawa na mtu kuchoma mikorosho yote kwa sababu ya magugu.

Ndipo watafiti wa Chuo Kikuu cha California, Los Angeles, wakatengeneza peptidi, yaani kipande kifupi cha protini, iitwayo C16G2. Bakteria hawa hupashana habari kwa kemikali yao wenyewe; watafiti walichukua kipande cha kemikali hiyo wakakifanya chambo, kisha wakakiunganisha na kipande kingine kinachotoboa utando wa bakteria. (Mimi hupendezwa sana na hila hiyo: adui ananaswa kwa lugha yake.) Majaribio kwa watu wachache, yaliyochapishwa mwaka 2011, yalionyesha kuwa kusukutua kwa dawa hiyo kulipunguza bakteria hao. Hata hivyo haijafika kwenye maduka ya dawa, si Mtwara wala huko Marekani ilikotengenezwa.

Na hata ingekuwepo, nisingekushauri uitegemee peke yake. Wapo bakteria wengine wanaostahimili asidi, na sukari ikiendelea kuingia kinywani nafasi ya aliyeuawa huchukuliwa na hao. Hebu hesabu siku ya mtoto: chai ya sukari na andazi alfajiri, ubuyu wa rangi saa nne, barafu ya ukwaju mchana, kashata jioni. Kinachodhuru zaidi ni idadi ya mara, kwa kuwa kila mara mate huhitaji muda mrefu kuituliza asidi, na ubuyu ule hung'ang'ania katikati ya magego. Vitamu avipate pamoja na mlo, na baada ya mswaki wa usiku asipewe kitu isipokuwa maji.

Mpigishe mswaki wewe mwenyewe, asubuhi na kabla ya kulala, kwa dawa ya meno yenye floridi isiyopungua 1,000 ppm (soma pembeni mwa boksi), kiasi cha punje ya mbaazi. Ateme povu bila kusukutua kwa maji.

Magego yale mawili, kwa kuwa humwamsha usiku, huenda yameoza hadi kwenye neva, kwa hiyo mpeleke kwa daktari wa meno wiki hii. Nenda na kaka na dada zake pia: kwa matundu machanga yasiyouma ipo dawa ya kupaka yenye madini ya fedha na floridi, iliyoingizwa mwaka 2021 katika orodha ya dawa muhimu ya Shirika la Afya Duniani. Husimamisha uozo bila sindano wala kuchimba jino, ila sehemu iliyooza hugeuka nyeusi na kubaki hivyo. Muulize daktari kama anayo.