Kupiga rangi gari nyumbani kwa hela ndogo ikadumu, nilivyofanya hapa Dodoma

Mkuu uliyeuliza kama kwa laki tatu unaweza kuipiga rangi Carina yako mwenyewe nyumbani ikakaa, inawezekana kabisa, ila usiitupe hela yote kwenye rangi. Corolla yangu nimeipiga mara mbili hapa Nkuhungu, ya kwanza ilikufa ndani ya miezi nane, ya pili huu mwaka wa nne na ukiifuta vumbi bado inang'aa.

Mara ya kwanza nilinunua NC (rangi ya nitroselulosi, haichanganywi na kitu cha kuikomaza) sababu ni bei chee na inakauka chap. Shida ni kwamba NC inakauka kwa tina (kile kimiminika cha kuyeyushia rangi) kuruka tu, hata baada ya mwaka ukiifuta na tina inayeyuka tena, na jua letu la kuanzia mwezi wa tano hadi wa kumi na moja hakuna mvua, boneti na paa zikafifia zikawa kama zimepakwa chaki. Mara ya pili nikatumia tukei (2K, rangi ya vitu viwili), hiyo unaichanganya na hadina (dawa ya kuigandisha), vinashikana vinakuwa kitu kimoja kigumu. Kwahiyo kama hela haitoshi piga paa na boneti tu mwaka huu, body nyingine mwakani, ila hela ya hadina usiipunguze, na vipimo ni vile vya kwenye kopo, ukizidisha ukidhani itakomaa zaidi unaharibu. Ukichagua nyeupe ya kawaida huhitaji klia (koti la juu lisilo na rangi), silva na metaliki lazima klia, hapo gharama inapanda.

Sasa kuandaa ndio kazi yenyewe. Mimi nilitumia siku tatu kuandaa, kupuliza asubuhi moja. Osha na sabuni ya vyombo kwanza KABLA ya msasa, maana ukianza na msasa ile polishi ya zamani unaisukumia ndani ya mikwaruzo halafu rangi ikifika inaikimbia, inaacha vishimo vya duara mwili mzima. Klia ya zamani inayobanduka isage hadi kidole kisisikie ngazi, ukipaka juu ya kitu kilichoachia vyote vinaondoka pamoja. Kutu toa hadi uone chuma cheupe na praima ya epoksi ipige siku hiyohiyo. Puti (ile ya kuziba mabonde) inanyonya maji, usiiache wazi ikalala na umande. Msasa nilianza na namba 80 kwenye kutu na puti, nikaja 180, 320, praima ikikauka nikamaliza na 600 wa maji.

Siku ya kupuliza adui ni upepo. Jioni nilimwagia maji uwanja wote, alfajiri nikarudia, saa kumi na mbili na nusu nikaanza na saa tatu nilikuwa nimemaliza, kabla ule upepo wa vumbi haujaamka. Mchana usijaribu, bati likiwa la moto rangi inakaukia hewani kabla haijafika, ukipitisha mkono ni mchanga mtupu (ile ya kwanza niliipiga saa saba mchana, nilijionea). Kompresa itoe maji kwenye tangi kwanza. Koti ya kwanza nyembamba, subiri dakika 10 hadi 15, kisha mbili za kulowa, bunduki iwe mbali kama shibiri moja na kila mstari ulalie nusu ya uliopita.

Na hili naomba unisikilize ndugu yangu, hadina ya tukei ina isosianeti, kemikali ambayo inaweza kukupa pumu ya kudumu. Barakoa ya kitambaa haizuii kitu. Tafuta ile ya mpira yenye vichujio viwili vya mkaa, vaa glavu na mikono mirefu, pulizia nje na watoto wapeleke kwa jirani.

Wiki ya kwanza usioshe, polishi subiri mwezi mzima, kinyesi cha ndege kitoe siku hiyohiyo na maji mengi, sabuni ya unga achana nayo. Rangi itakayobaki bila hadina ifunge vizuri uiweke kivulini, bodaboda zetu hizi utaihitaji kwa mikwaruzo.