Fuwele ambayo haijagunduliwa

Msomaji wa Morogoro ameniletea kichwa cha habari alichokisoma, "Kompyuta yagundua silikoni mpya ya paneli za sola," akitaka kujua kama hapo linafaa *gundua* au *vumbua*. Halifai hata moja, na nitajibu kwa urefu, kwa sababu jinsi waandishi wa habari za sayansi wanavyolitumia *gundua* kwa kila jambo imeniudhi kwa miaka mingi.

*Vumbua* hutaka kitu kilichokuwako kikiwa kimefichika. *Gundua*, kwa maana yake ya zamani, ni kumfikia mtu au mnyama pasipo mwenyewe kutarajia. Mwenye nyumba humgundua mwizi jikoni; lakini ili agunduliwe, sharti mwizi awe amekwisha kuingia, na mkono wake uwe ndani ya sufuria. Mwenye nyumba aliyelala kitandani akapiga hesabu kwamba, kwa kuwa dirisha ni bovu na usiku hauna mwezi, mwizi anaweza kupitia pale, hajamgundua mtu. Hata mwizi akija kesho yake kwa dirisha lilelile, tutasema kwamba mwenye nyumba alitabiri.

Watafiti walio nyuma ya kompyuta ile nao wamepiga hesabu. Silikoni ya kawaida, ambayo atomi zake zimepangika kama za almasi, ina pengo la nishati, yaani nishati ambayo elektroni sharti iipate ili iweze kupitisha umeme, la elektronivolti (kipimo cha nishati) 1.1 hivi, lakini elektroni haiwezi kulivuka kwa mwanga wa nishati hiyo peke yake bila kusaidiwa na mtikisiko wa atomi; ndiyo maana silikoni hufyonza mwanga kwa udhaifu na kuhitaji kipande kinene. Basi wao huzipanga atomi zilezile ndani ya kompyuta kwa namna nyingi mno, wakakokotoa, kwa nadharia iliyompa Walter Kohn tuzo ya Nobel ya kemia mwaka 1998, ni mpangilio upi utakaodumu na kufyonza mwanga vizuri zaidi. Mpangilio huo ukishapatikana, huenda duniani pasiwe na hata chembe yake. Umetabiriwa tu. Neno hili lina asili ya Kiarabu na lilihusu kufasiri ndoto, ila utabiri wa hali ya hewa umekwisha kulizoesha hesabu.

Mwaka 2014 watafiti wa Taasisi ya Carnegie, Marekani, walitangaza fuwele ya silikoni iitwayo Si24: waliunganisha silikoni na sodiamu chini ya kanieneo kubwa, kisha wakaiondoa sodiamu kwa joto. Hao *waliunda*.

Hata "silikoni mpya" siikubali, kwani elementi ni ileile na kilicho kipya ni umbo. Kichwa kingekuwa: "Watafiti watabiri umbo jipya la fuwele ya silikoni kwa paneli za sola." Kimerefuka kwa maneno machache, na mhariri atalalamika kuhusu nafasi, namwomba aitoe.