Kadi za grafiki za bei moja: anza na kompyuta yako, fremu baadaye

Ukiwa na dola 300 hivi za kadi ya grafiki, utakutana na majina matatu: GeForce RTX 5060 ya Nvidia, Radeon RX 9060 XT ya AMD yenye GB 8, na Arc B580 ya Intel. Mbili za kwanza zilitoka 2025 kwa bei elekezi ileile, dola 299; ya Intel ilitoka Desemba 2024 kwa dola 249. Ukiongeza usafiri, ushuru na faida ya muuzaji, bei ya dukani inakuwa nyingine kabisa, ila kadi hizi huwa hazipishani sana.

Wengi hufungua video ya majaribio, huangalia nani kapata fremu nyingi (picha zinazoonyeshwa kila sekunde), kisha hununua. Lakini fremu 90 na fremu 95 kwa sekunde huwezi kuzitofautisha kwa macho. Utakachokiona kila siku ni gemu kukwamakwama, na chanzo chake mara nyingi ni memori ya kadi au kompyuta iliyoibeba.

RTX 5060 ina GB 8, na RX 9060 XT ya bei hiyo pia ina GB 8. Arc B580 ina GB 12. Kwa Valorant, CS2, Fortnite au EA FC kwenye skrini ya 1080p, GB 8 zinatosha. Magemu makubwa ya hadithi ndiyo yanayozibana: The Last of Us Part I ilipotoka kwa kompyuta mwaka 2023, kadi za GB 8 zilihangaika nayo kwenye mipangilio ya juu. Memori ikijaa, kadi huazima RAM ya kompyuta kupitia sloti ya PCI Express (PCIe), yaani tundu la kadi kwenye ubao mama, na hapo ndipo mambo huharibika. Memori ya RTX 5060 yenyewe husafirisha GB 448 kwa sekunde. Kupitia sloti ya PCIe toleo la 4.0 kadi hiyohiyo hupata takriban GB 16 tu. Wastani wa fremu unaweza kubaki mzuri kwenye majedwali huku picha ikigandaganda kila unapogeuza kamera. Kwa hiyo katika majaribio soma zile fremu za chini kabisa, zinazoandikwa "1% low", kabla ya wastani.

Jambo ambalo wauzaji karibu hawalitaji ni idadi ya njia za data za PCI Express. RTX 5060 na Arc B580 hutumia njia 8, RX 9060 XT hutumia 16. Kwenye ubao mama mpya hilo halisumbui. Kwenye ubao wa zamani kama B450 au H410, ambazo ni PCIe 3.0, kadi ya njia 8 inabaki na takriban GB 8 kwa sekunde, na memori ikijaa utaumia maradufu. Angalia na prosesa pia: Ryzen 5 5600G huishia PCIe 3.0 hata ukiiweka kwenye ubao wa B550. Mwenye kompyuta ya namna hiyo, kati ya kadi mbili za dola 299, achukue RX 9060 XT.

Arc B580 inavutia kwa memori yake, lakini ina masharti. Bila Resizable BAR (inayoruhusu prosesa kuifikia memori yote ya kadi kwa pamoja) kuwashwa kwenye BIOS, yaani mipangilio ya ubao mama, hupoteza nguvu nyingi. Vilevile draiva yake (programu inayoiendesha kadi) huitwisha prosesa mzigo mkubwa. Majaribio ya mwanzoni mwa 2025 yalionyesha ikishuka vibaya kwenye prosesa za zamani kama Ryzen 5 2600. Ninaishauri kwa kompyuta mpya yenye prosesa ya miaka ya karibuni, siyo kwa kufufua mashine ya zamani.

RTX 5060 ni chaguo langu kwa anayechanganya gemu na kazi. Blender ya kutengeneza picha za 3D na programu nyingi za akili bandia hufanya kazi vizuri zaidi kwenye CUDA, mfumo wa Nvidia wa kufanyia hesabu kwenye kadi, na DLSS, teknolojia ya Nvidia ya kukuza picha ili fremu ziongezeke, inapatikana katika magemu mengi kuliko FSR 4 ya AMD. Uundaji wa fremu za ziada, ambapo kadi hubuni fremu kati ya zile halisi, usikuhadae, kwa sababu nao unakula memori ya kadi, na kama gemu haijafika karibu fremu 60 bila huo, mkono utahisi uzito hata picha ikionekana laini.

RX 9060 XT ya GB 16 ilitoka kwa dola 349. Dukani kwako ikiwa imezidi ile ya GB 8 kwa chini ya moja ya tano, punguza kwingine, hata kwenye kasha lenye taa, uichukue hiyo.

Pawa saplai nayo ikaguliwe kabla ya kulipa. Usiamini "500W" ya herufi kubwa. Soma mstari wa +12V kwenye kibandiko. Kwa mfano, ampea 20 mara volti 12 ni wati 240 tu. Arc B580 hula wati 190 na Ryzen 5 5600 hufika 76, jumla 266, bado hujahesabu diski na feni. Kompyuta inaweza kuzima ghafla katikati ya mechi bila ujumbe wowote. Usitumie adapta ya kutoka plagi ya SATA kwenda pini 8: plagi ya SATA inahimili wati 54, pini 8 zinaruhusiwa hadi 150, na plastiki inaweza kuyeyuka.

Kwa kadi za mtumba, jina pekee halitoshi. RTX 3060 ipo ya GB 12 yenye njia ya memori ya biti 192, na ipo ya GB 8 yenye biti 128. RTX 3050 ya GB 6 ina viini 2304, ya GB 8 ina 2560. Mwambie muuzaji afungue GPU-Z, programu inayoonyesha sifa za kadi, mbele yako, ulinganishe viini na biti na ukurasa wa mtengenezaji. Kadi iliyobadilishwa BIOS yake yenyewe (programu ya ndani ya kadi) ili ijiite kubwa mara nyingi huandikiwa "FAKE" hapohapo. Kisha iendeshwe FurMark, programu ya kuibana kadi hadi mwisho, dakika 15 huku ukitazama joto na kusikiliza feni. Hakikisha waya wa skrini umechomekwa kwenye kadi yenyewe, siyo kwenye ubao mama, la sivyo unajaribu grafiki za prosesa. Na kabla ya kuondoka, iandikwe kwenye risiti namba ya mfululizo (serial number) iliyo kwenye kadi, siyo ile ya boksi.