Tanki la Maji la Reli Lilivyonitoka Mkononi

Juzi kijana mmoja wa Nakuru aliniandikia: "Mwalimu, huku kwetu kuna tanki la maji la enzi za gari la moshi, na watu wameanza kulinyemelea. Nianzie wapi?" Nilikaa na swali lake siku tatu, kwa sababu tanki langu mimi nilishalipoteza.

Babu yangu alikuwa fayaman, mtunza moto wa injini ya gari la moshi. Alizijua stesheni kwa maji yake: hapa maji matamu, pale ya chumvi inayoganda ndani ya boila, kule hakuna kitu. Nyika ya Taru ni kavu hivi kwamba reli ilipokuwa ikijengwa, kuanzia Mombasa mwaka 1896, maji ya wafanyakazi yalibebwa kwa treni. Baadaye zikaja Garratt za daraja la 59, injini kubwa za mvuke, zilizoundwa Manchester mwaka 1955 na 1956, tani 252 kila moja, na galani 8,600 za maji ndani. Moja, nambari 5918, ipo kwenye Makumbusho ya Reli Nairobi. Watu hupiga picha kando yake wakaenda zao. Hakuna anayeuliza ilikuwa ikinywa wapi.

Ilikuwa ikinywa kwenye tanki kama lile la kwetu, katika stesheni ndogo kati ya Voi na Mtito Andei: mabamba ya chuma yaliyofungwa kwa bolti, juu ya nguzo za mawe. Nililipenda tangu utotoni. Mwaka 2019 nikaamua kulitetea. Niliandika barua sita. Ofisi moja ikanituma kwa nyingine, nyingine ikanirudisha kwa ya kwanza, nami nikaendelea kungoja kwa adabu, nikiamini mwenye haki husikilizwa.

Mwaka 2021 mama akanipigia simu saa kumi na mbili asubuhi. "Njoo, wanakata." Nilipofika kutoka Nairobi, nguzo zilikuwa zimesimama peke yake na nyasi zimeungua kwa moto wa gesi. Januari 2022 serikali ikapiga marufuku biashara ya chuma chakavu kwa muda. Miezi michache tu baada ya tanki kukatwa! Bado inaniuma.

Lakini kilichoniuma zaidi nilikiona jioni ile nilipofungua simu. Nilikuwa na picha kumi na moja, na karibu zote nimesimama mimi mbele. Sikuwa nimepima hata bamba moja. Sikujua urefu, upana, wala bomba lilipita wapi. Miaka miwili ya barua, na sikuwahi kubeba tepu ya kupimia.

Kwa hiyo, kijana wangu, pima kwanza. Pima kabla ya barua, kabla ya mkutano, kabla ya kumwambia chifu. Piga picha kila upande, na mtu ashike kijiti cha mita moja kando. Watafute wazee waliofanya kazi pale uwarekodi wakiwa bado na nguvu ya kuongea. Babu yangu sikumrekodi. Chuma kina bei sokoni, kwa hiyo kitaondoka kwanza. Mbao zitaishia jikoni. Mawe ndiyo hubaki. Pima chuma kwanza.

Barua ije baadaye, na nakala yako igongwe muhuri wa kupokelewa. Sheria ya Makumbusho na Urithi ya mwaka 2006 inaruhusu jengo kutangazwa kwenye gazeti la serikali kuwa la kihistoria, lakini hakuna atakayelitangaza jengo lisilo na vipimo wala ramani. Vijana wetu mnapenda kulalamika mitandaoni kwamba historia inauzwa. Nami nililalamika. Toka hapo, shika tepu.

Mwezi uliopita nimemaliza kuchora nyumba ya pampu iliyobaki pale kwetu, na mzee mmoja wa miaka themanini na kitu akanionyesha kwa fimbo bomba lilipokuwa limelala chini ya reli. Mchoro huo najivunia kuliko barua zangu zote.

Leo ni Alhamisi, na tanki lako bado limesimama. Usingoje nijibu tena. Nenda Jumamosi, asubuhi, jua likiwa upande wa stesheni.