Wanaokataa Utatu sio kapu moja, nimekaa na pande mbili zao

Mkuu umeuliza kama Mashahidi wa Yehova, watu wa Yesu tu (Wapentekoste wanaosema Mungu ni nafsi moja na jina lake Yesu) na Wamormoni tuwaweke kapu moja la wanaokataa Utatu, tuwaite Waario, yaani wafuasi wa Ario wa zamani, yaishe. Hapana aise. Mi nakujibu kama mtu aliyekaa nao nyumba moja hapa Mbale, Uganda, baba mdogo ni mchungaji wa Yesu tu, shemeji ni Shahidi, mwenyewe nimelelewa Katoliki.

Mwaka juzi tulikuwa na msiba, usiku tumezunguka moto, shemeji akafungua Biblia yake Yohana 1:1, kwao imeandikwa "Neno alikuwa mungu", akaweka kidole hapo hapo kwenye hiyo m ndogo na kumulika na simu ili kila mtu aione. Nikajua baba mdogo atamuunga mkono maana Utatu hata kuusikia hataki. Wee! Aliruka kama kamwagiwa chai ya moto, eti unamshusha Bwana, Yesu si mungu mdogo, Yesu ndiye huyo huyo Yehova unayemhubiri. Wakakomaa mpaka jogoo akawika, sisi Wakatoliki tunakunywa chai tu.

Ndo nikaelewa hawa wako pande mbili kabisa. Kwa Shahidi, Baba peke yake ndiye Mungu Mweza Yote, Mwana aliumbwa wa kwanza na ndiye Mikaeli, roho takatifu ni nguvu tu sio nafsi. Huyo sawa, ana undugu na Ario, yule padri wa Aleksandria aliyekataliwa Nikea mwaka 325. Baba mdogo ndugu yake wa zamani ni Sabelio, mwalimu wa Kikristo wa kale aliyefundisha hivi: Mungu mmoja, nafsi moja, anajidhihirisha kama Baba, Mwana na Roho, na jina lake Yesu. Ila ni undugu wa mawazo, ukoo wake hasa ni Pentekoste ya Marekani, ilianzia kwenye mkutano wa kambi California 1913, ikafika 1916 kanisa la Kipentekoste la Assemblies of God likasimama na Utatu, wenzao wakatoka. Ndo maana ukiingia ibadani kwao huoni tofauti na walokole wengine, ngoma zile zile, kelele zile zile, mpaka siku ya ubatizo. Nilisimama ukingoni mwa mto Manafwa baba mdogo akimzamisha mama mmoja aliyeokoka miaka mingi tu, kisa ubatizo wake wa kwanza ulikuwa wa Baba, Mwana na Roho. Nikamuuliza, baba, na Mathayo 28:19 je? Akanijibu huku maji yanamchuruzika kwenye ndevu: soma vizuri kijana, imeandikwa jina, haikuandikwa majina.

Watu wa Ujumbe, wale wafuasi wa mhubiri Mmarekani William Branham, wako jirani naye, wanabatiza kwa jina la Yesu pia, lakini ukiwaita Yesu tu wanakasirika.

Wamormoni ni chumba kingine kabisa, kwao Baba ana mwili wa nyama na mifupa, Mwana ana wake, watatu mbalimbali wenye kusudi moja. Hapo Ario mwenyewe angeshangaa.

Mimi siku hizi sihangaiki na neno Utatu, nauliza tu kabla ya Maria kumzaa, Yesu alikuwa wapi? Shahidi: mbinguni, kiumbe. Baba mdogo: alikuwa Mungu mwenyewe, uana ulianza Bethlehemu. Mkristadelfia, dhehebu jingine linalokataa Utatu: hakuwepo, alikuwa kwenye mpango wa Mungu tu. Waunitaria, wanaosema Mungu ni mmoja tu bila Utatu, wengi nao wanamwona Yesu mwanadamu, mzee wao Ferenc Dávid alifia gerezani Transylvania 1579 kwa hayo hayo.

Halafu kuna mwenzetu kaweka Wasabato kwenye listi ya wanaokataa Utatu, toa. Wazee wao wa mwanzo wengi walikuwa hawaukubali kweli, ila leo Utatu umo kwenye imani zao rasmi. Na Abayudaya wetu, Wayahudi wa hapa Uganda walioko Nabugoye karibu na Mbale, pia toa, mwanzilishi wao Kakungulu alianza na Wamalaki, kundi la Kikristo la hapa, lakini 1919 alipotahiriwa pamoja na watu wake ilikuwa safari ya kumuacha Yesu mzima mzima, wale ni Wayahudi bwana.